Yule kiongozi wa kambi ya watoto: sabuni ya mwanangu ilikukosea nini?

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, herufi zikipishana mnivumilie. Ndiyo kwanza tumefika nyumbani, begi la mtoto bado liko mlangoni.

Simtaji. Mnamjua. Yule wa filimbi shingoni na suruali yenye mifuko mingi kuliko akili. Yule anayesalimia miti kabla ya wazazi. Leo kavuka mpaka.

Nimeenda kumchukua mwanangu wa darasa la tano kwenye ile kambi ya likizo, ya kulala kwenye mahema. Wazazi tumejaa. Bwana yule katuita tukague vitu vilivyosahaulika, kaingiza mkono kwenye boksi, katoa sabuni, kaiinua JUU kama kombe la ubingwa. "Hii ambayo haijaonja maji ni ya nani?"

Karatasi yake haijachanwa hata pembeni. Na juu ya karatasi hiyo jina la mwanangu, mwandiko wangu, wino mzito, herufi kubwa. Si wenyewe walisema kila kitu kiandikwe jina? Nimetii, nimejichongea!

Watu walicheka, kuna mama alicheka mpaka akaegemea gari la mwenzie. Hata vyura wa bwawani naapa walikuwa wananicheka mimi.

Angeniita pembeni. Angeiweka kimya kimya kwenye begi. Hapana. Sabuni. Juu. Mbele ya watu. Sijui nimeshasema aliiinua?

Nikamuuliza kwa upole (upole kabisa, msiwasikilize waliokuwepo) ndiyo malezi gani haya. Kanijibu eti mtoto wa umri huu akitoka msituni lazima anuke moshi, ndiyo raha yake. Raha! Akaanza kunihesabia: anajua kusoma dira, anajua filimbi mara tatu ni kuomba msaada, anajua shimo la choo linachimbwa sentimita 15 hadi 20 kwenda chini, tena mita 60 kutoka kwenye maji. Sasa mtu anayepima choo kwa mita, kashindwaje kupima mtoto na bafu viko mbali kiasi gani?

Mods, uzi huu msiuunganishe na ule wa mahema yanayovuja. Hii ni sabuni.

Jongoo Mstaafu: Dada, sabuni imerudi bila povu, povu lote umelileta huku.

Kiti cha Mbele: Swali moja tu. Mtoto alioga au hakuoga?

Mleta uzi: Hilo siyo suala. Suala ni kuinua JUU.

Kiti cha Mbele: Hakuoga.

Baba Mapacha: Shukuru umerudishiwa sabuni. Mimi wangu walienda na soksi begi zima, zimerudi nne, hakuna inayofanana na mwenzake, na moja si ya ukoo wetu. Namuuliza yule yule wa filimbi, ananiambia "msitu umechukua". Msitu una miguu?

Tulivu: Wa kwangu karatasi ikiisha chooni anapiga filimbi mara tatu. Juzi jirani kaja mbio na ngazi.

Jongoo Mstaafu: Huyo kahitimu, mpeni cheti.

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye mada. SABUNI.

Nilikuwepo: Nilikuwepo. Hakuiinua kihivyo. Usawa wa kifua.

Mleta uzi: Kumbe ndiye wewe uliyeegemea gari!!!

Nilikuwepo: Lilikuwa la kwangu.

Koroboi: Samahani naingilia. Wangu karudi na kupe nyuma ya sikio. Nimpake mafuta ya taa?

Tulivu: Usithubutu, wala kiberiti usimsogezee. Chukua kibano chenye ncha nyembamba, mshike kupe karibu kabisa na ngozi, vuta taratibu moja kwa moja bila kuzungusha. Halafu osha kwa maji na sabuni. Akipata homa au vipele siku zijazo, hospitali.

Jongoo Mstaafu: Sabuni ipo moja mpya kabisa, muulizeni mleta uzi.

Mleta uzi: Nyie watu hamna utu.

Koroboi: Katoka mzima mzima, anachezesha miguu. Asante. Ila kwenye ile fomu ya kambi hakuna sehemu ya kupe, kuna sehemu ya "mnyama ninayempenda".

Mpita Njia: Mnalia na kupe, mimi kwenye chupa ya maji ya mtoto nimekuta viluwiluwi vya chura. Vimeshaota miguu ya nyuma. Nafanyaje?

Tulivu: Hamishia kwenye beseni. Ikitokea miguu ya mbele weka jiwe lichomoze juu ya maji, la sivyo vitazama.

Baba Mapacha: Chura azame majini? Acha kamba.

Tulivu: Mkia unapoisha anapumua kwa mapafu, mkuu. Au bora avirudishe bwawani vilipotoka.

Mpita Njia: Ngojeni kwanza. Chupa haipo mezani. Mke wangu kaenda nayo kazini.