Kikundi cha familia: "Unauza nini?"

FAMILIA KONDOA–DODOMA–BABATI
Jumamosi, mwezi wa saba

[05:52] Shangazi Mwajuma: Asalaam alaykum. Hamisi wenu katoka kwangu Kondoa sasa hivi na baiskeli yake, anakwenda kwa dada yake Zuhura Babati. Kanywa uji bakuli mbili, nimemfungia na chapati nne.

[05:54] Mama: Waalaykum salaam wifi, ahsante sana. Kavaa sweta?

[05:55] Shangazi Mwajuma: Kavaa. Baridi ya huku mwezi huu unaijua.

[06:10] Idd: Jamani nauli ya basi mpaka Babati imekuwa shilingi ngapi? Tumchangie ndugu yetu 😂

[06:11] Mama: Idd, acha.

[06:31] Bamdogo: 🎤 Ujumbe wa sauti (3:07)

[07:24] Hamisi: Shikamooni wote. Nimefika Kolo. Bamdogo naomba uandike, bando langu dogo na upepo huu sisikii kitu.

[07:29] Bamdogo: MARAHABA. NILIKUWA NASEMA HIVI. LORI LIKIKUPIGIA HONI FUPI NI SALAMU. IKIWA NDEFU TOKA BARABARANI HAPO HAPO USIGEUKE NYUMA KUTAZAMA.

[07:30] Idd: Bamdogo zima herufi kubwa, unatupigia honi na sisi.

[07:33] Zuhura: Kaka, wajomba zako wadogo huku wanataka picha za ile michoro ya kale ya miambani ya Kolo.

[07:36] Hamisi: Michoro iko juu mlimani, unapandishwa na mwongozaji. Nikipanda leo nitaingia Babati usiku. Nimewapigia bango la barabarani.

[07:38] Shangazi Mwajuma: Bora hukupanda. Mungomi wa Kolo watu wanafanya matambiko mpaka leo, si pahala pa kwenda na kaptura ile ya kubana.

[07:41] Bamdogo: 2006 waliingiza hiyo michoro kwenye urithi wa dunia. Sisi tumepita hapo na lori miaka yote hata shingo hatugeuzi. Tulikuwa tunaangalia tope.

[08:40] Hamisi: Mpaka sasa watu watano wameniuliza nauza nini. Mama mmoja kanisimamisha kabisa, anasema nifungue mabegi ya baiskeli achague kitenge. Nimemwambia natembea tu. Kaniangalia kwa huruma.

[08:41] Idd: 😂😂😂

[08:43] Hamisi: Shangazi, haya makorongo ya udongo mwekundu ni marefu kweli.

[08:52] Shangazi Mwajuma: Hayo sasa yana miti. Ungeyaona zamani ungelia. 1979 tuliambiwa mifugo yote itoke, ng'ombe, mbuzi, kila kitu. Mradi wa HADO, wa kuhifadhi ardhi isimomonyoke. Marehemu baba yako ndiye aliyeswaga ng'ombe wetu kwenda kwa ndugu, alirudi siku ya nne hasemi na mtu. Nyumba nzima tukakosa maziwa. Lakini majani yakarudi kweli, siwezi kusema uongo.

[08:55] Mama: Hakuwahi kunisimulia hilo.

[09:07] Mama: Kumbukeni mchango wa kisomo, mwisho Jumatatu.

[10:18] Hamisi: Nasukuma.

[10:19] Idd: Unasukuma nini?

[10:27] Hamisi: Baiskeli. Kilima cha kwenda Bereko. Nilikuwa gia nyepesi ya mwisho, mwendo wa mtu aliyebeba maji kichwani. Mzee mmoja anasukuma baiskeli ya Phoenix na gunia la mahindi kanipita kwa miguu na pole kanipa.

[10:28] Hamisi: Kosa langu. Saa tatu nilijisikia vizuri nikasema chapati nitakula baadaye. Saa nne kasorobo mikono inatetemeka, hata njaa yenyewe siisikii. Nimekaa chini nikala chapati mbili na karanga, nikachanganya ORS kwenye chupa. Sasa nimerudi duniani.

[10:30] Mama: Panda gari mwanangu. Baiskeli wataifunga juu.

[10:31] Hamisi: Mama nimebakiza kidogo tu.

[11:06] Hamisi: BEREKO ✅ Nakunywa chai.

[11:09] Bamdogo: Sasa nisikilize. Kutoka hapo mpaka Bonga ni kushuka. Usishuke na breki. Shuka na gia.

[11:10] Hamisi: Bamdogo, baiskeli haina gia ya kushukia.

[11:14] Bamdogo: Basi bana achia, bana achia. Ukibana moja kwa moja zinaungua, lori au baiskeli sawa tu. Na usijifanye unajua kwa sababu ni lami. Hiyo lami imezinduliwa 2018, kona ni zile zile za zamani.

[11:15] Hamisi: Sawa Bamdogo. Nazima simu kidogo, chaji asilimia 19.

[12:40] Mama: Hamisi uko wapi?

[13:05] Mama: Hamisi

[13:06] Mama: Nampigia hapatikani.

[13:08] Idd: Mama kasema anazima simu.

[13:08] Mama: Kasema kidogo. Hii ndiyo kidogo?

[13:12] Bamdogo: Shemeji tulia. Kuna dereva wangu anapanda kutoka Babati na saruji, nimemwambia atazame kando ya barabara.

[13:47] Bamdogo: Kamwona. Baiskeli kaipindua magurudumu juu, yuko chini ya mgunga, watoto kama kumi wamemzunguka. Mzima.

[13:48] Mama: Alhamdulillah.

[13:48] Mama: Akiwasha simu mniachie mimi.

[14:26] Hamisi: Nimewasha. Samahani Mama. Pancha.

[14:27] Mama: Siku nyingine usizime. Nisikie tu inaita inatosha.

[14:28] Hamisi: Sawa Mama.

[14:35] Hamisi: Mwiba wa mgunga. Nimeziba, nimepiga pampu, nimetoka hatua mia, chini tena. Nikaziba tena. Kumbe ncha ya mwiba ilibaki kwenye tairi na mimi sikupapasa ndani. Kitoto kimoja ndicho kilichoiona, kikaichomoa kwa kucha. Solosheni nayo imeisha, nimeweka tyubu mpya. Nimewagawia chapati zilizobaki.

[14:36] Shangazi Mwajuma: Chapati zangu zimefanya kazi.

[14:40] Hamisi: Bamdogo, bana achia imenisaidia. Nilisimama katikati nikagusa rimu, ya moto kama sufuria. Nauona mlima Hanang kushoto.

[14:41] Bamdogo: 👍🏾

[14:58] Zuhura: Kaka ukifika ziwani usishuke kwenye majani kupiga picha. Viboko wanatoka jioni.

[16:49] Zuhura: Kafika! Anatembea kama bata. Kakataa baiskeli ilale nje, iko sebuleni, na watoto wameshavunja kengele.

[16:50] Mama: Mpe simu.

[16:52] Zuhura: Yuko bafuni. Kilomita mia na kitu, vumbi lote amekuja nalo kwangu.

[16:53] Bamdogo: Kesho anarudi na nini?

[16:54] Zuhura: Anasema basi.

[16:54] Idd: 😂😂 Nilisema mapema, tumchangie

[17:20] Zuhura: Jirani kagonga mlango. Anauliza yule kijana wa mabegi anafungua mzigo saa ngapi.

[17:21] Idd: Mwambie vitenge vimeisha.