Mchicha wa Bonde la Msimbazi: upigwe marufuku au tuendelee kula?

Mtoto wa Tabata (mleta mada)
Wadau, leo asubuhi nimepita Kigogo darajani, hapa Dar es Salaam, kwenye Mto Msimbazi. Maji meusi, juu yana povu, jamaa kachota kwa keni anamwagilia matuta bila wasiwasi. Jioni mchicha uleule uko gengeni, fungu kwa fungu. Mto unaanzia huko vilima vya Pugu, lakini ukishapita Vingunguti umebeba damu ya machinjio, maji ya viwanda, na vyoo ambavyo watu hufungulia mvua ikinyesha. Wataalamu wamepima zaidi ya mara moja, wakakuta risasi na kadimiamu, madini yenye sumu, kwenye mboga. Swali: serikali ipige marufuku kilimo cha bondeni, ndiyo au hapana? Na niseme tu ukweli, mtu mzima kulima mchicha katikati ya jiji ni ushamba.

Bi Matembele
Ushamba? Mama yangu alikuwa na matuta kumi na manne bonde hilohilo. Saa kumi alfajiri yuko kwenye tuta, saa moja yuko sokoni Ilala na tenga kichwani. Nimesoma kwa mchicha mpaka chuo. Wewe mtu wa mjini ada yako ililipwa na nini, lami?

Ndoano
Dada povu limekutoka. Mchicha ulikusomesha, hongera. Risasi je?

Bi Matembele
Aanze yeye kufuta hilo neno.

Kaka Mkuu wa Mbezi
Mnakuza mambo. Chemsha dakika tano, mwaga maji ya kwanza, kula. Tumekula tangu utoto.

Daktari wa Mtaa
Mkuu, moto unaua vijidudu vya kipindupindu. Risasi ni madini, haiungui. Inakaa mwilini, na wanaoumia zaidi ni watoto, inagusa ubongo. Hapo mleta mada yuko sahihi hata kama mdomo wake mchafu.

Ndoano
"Tumekula tangu utoto" ndiyo maana unaandika hivi.

Kaka Mkuu wa Mbezi
Ndoano nikikufahamu nitakufuata mpaka kwako.

Mzee Jembe
Vijana, hilo neno limenigusa kuliko risasi. Mwaka 1983, wakati wa Nguvukazi, ile kampeni ya kuwarudisha vijijini wasio na kazi, nilikamatwa hapa mjini sina kitambulisho cha kazi. Tukapandishwa lori, tukaambiwa rudini mkalime. Leo nalima hapahapa mjini, naambiwa mshamba. Nikae wapi? Tazameni nembo ya taifa, kwenye ngao pale. Kuna jembe na shoka. Nitafutieni kompyuta.

Ndoano
Mzee shikamoo. Si ndiyo ile ya kilimo cha kufa na kupona?

Mzee Jembe
Marahaba. Hapana, ile ilikuwa miaka ya sabini, wakati wa njaa. Siku hizo hata maua ya mbele ya ofisi yaling'olewa yakapandwa mahindi. Hakuna aliyeitwa mshamba.

Mwalimu wa Sarufi
Niwasaidie kidogo. Mshamba ni mtu wa shamba tu, ubaya umetiwa na watu wa mjini. Na hapa Pwani shamba lilikuwa la minazi, mwenye shamba ndiye aliyeoa wake watatu.

Ndoano
Kwa hiyo mleta mada katusifu.

Miche na Maua
Mimi nauza miche na maua kando ya barabara kubwa, nyumba za ghorofa ndizo wateja wangu. Namwagilia maji ya mto uleule. Hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kuniita mshamba, wananiita "bosi wa bustani". Tofauti yangu na mama wa mchicha ni chungu cha saruji tu.

Mtoto wa Tabata
Maua hayaliwi jamani! Nimeuliza swali la afya, mnajadili neno moja ukurasa wa tatu huu.

Tuta la Tatu
Mimi ndiye mnayemjadili. Nalima bondeni. Tuta langu moja linataka keni nne asubuhi na nne jioni, na nina matuta ishirini. Nikitumia ya bomba, fungu la mchicha mtalinunua kwa bei ya nyama. Nimechimba kashimo pembeni, maji yake ni masafi kidogo kuliko ya mto, sijui yana nini. Mchicha unatoka wiki ya nne, kodi ya nyumba inadaiwa mwezi. Mnasema marufuku, lakini kanuni za 1992 ziliruhusu kulima mjini, mwisho ekari tatu. Mimi sina hata robo.

Daktari wa Mtaa
Ahsante kwa kusema. Ungekuwa na maji mengine ungeacha ya mto?

Tuta la Tatu
Kesho asubuhi.

Kaka Mkuu wa Mbezi
Bonde lenyewe lina mradi wa kuzuia mafuriko, watu walianza kulipwa fidia wahame. Mnagombania matuta yanayoondoka. Yale mafuriko ya 2010 hamkujifunza?

Ndoano
Desemba 2011. Waliohamishwa bondeni wakapelekwa Mabwepande wanakumbuka tarehe vizuri kuliko wewe.

Bi Matembele
Fidia ni ya nyumba. Tuta la mtu anayekodi eneo linaandikwa wapi?

Kaka Mkuu wa Mbezi
Muulize mwenyekiti wa mtaa.

Bi Matembele
Na wewe Tabata bado hujafuta neno.

Mtoto wa Tabata
Sifuti. Ila nikiri kitu. Nimerudi nyumbani nimekuta mchicha mezani, wa nazi. Nimemuuliza mke wangu kanunua wapi, kasema kwa yule mama wa kona. Sikuuliza zaidi.

Mwalimu wa Sarufi
Ulikula?

Mtoto wa Tabata
Ulikuwa umeshapoa, lakini nilikula.