Mjadala: Nani alipie kuchuja mpira wa matairi kwenye mitaro ya mvua?

Mtungi: Wakuu, maji ya chooni, palipo na mtambo, hupelekwa huko yakasafishwa. Maji ya mvua barabarani, miji mingi, yanatoka mtaroni moja kwa moja hadi mtoni. Utafiti wa 2019 wa Ghuba ya San Francisco, Marekani, ulikadiria mvua inasomba chembe za plastiki trilioni 7 kwa mwaka, kama mara 300 ya zinazotoka kwenye mitambo ya majitaka. Karibu nusu ya zilizokutwa kwenye maji ya mvua ni vipande vyeusi vya mpirampira, na mshukiwa mkuu ni tairi linalosagika barabarani. Machujio ya mitaroni alipie nani? Mimi nasema mtengeneza tairi.

Roda Tatu: Ukimtoza yeye, atanitoza mimi mnunuzi. Waanze na hao wa magari ya umeme wanaojiona wasafi kuliko wenzao. Betri nzito, tairi linaisha mapema.

Zawadi K: Nani amejiona msafi? Naendesha la umeme na sijamhubiria mtu. Nililinunua kwa sababu mwanangu ana pumu. Na breki umezisahau: gari langu hupunguza mwendo kwa mota, pedi haziliki ovyo. Vumbi la breki nalo haliingii mtaroni?

Roda Tatu: Pole kwa mtoto, sikujua. Ila mimi nimesema tairi, wewe umenijibu breki.

Zawadi K: Haya, tairi. Linaliwa na uzito, kona kali, kuondoka kwa pupa na upepo pungufu. Ligari la petroli la tani mbili na nusu linakula tairi kuliko kigari changu. Mbona hilo hukulitaja? Ndilo lako?

Mtungi: Jamani, mtaro! Ulaya kanuni za Euro 7 za uchafuzi wa magari, zilizopitishwa 2024, zinaweka kikomo cha tairi kupukutika, liwe la gari la petroli au la umeme. Kiwanda kinalazimika kubadili mpira wenyewe. Roda Tatu, hapo unasemaje?

Roda Tatu: Kwanza Zawadi aniombe radhi. Gari langu yeye halijui.

Jongoo: Mnagombania magari wakati kule Marekani, Seattle kama sikosei, samoni walikuwa wanakufa kwa plastiki ya matairi. Samaki hakuuliza petroli wala umeme.

Darubini: Hapo turekebishe kidogo. Kilichowaua si chembe yenyewe. Tairi hutiwa kemikali iitwayo 6PPD ili ozoni, gesi iliyomo hewani, isiupasue mpira. Ikishapambana na hiyo ozoni inageuka 6PPD-kwinoni, na ndiyo iliyotajwa Desemba 2020 kuwa inawaua samoni aina ya koho wanaporudi vijitoni kutaga. Mvua ikinyesha, ndani ya saa chache wanakufa na mayai tumboni. Sasa chujio la kunasa chembe peke yake linapitisha sumu iliyokwishayeyuka. Lakini maji hayohayo ya barabarani yalipopitishwa kwanza kwenye mchanganyiko wa mchanga, mboji na magome ya miti, koho waliishi. Ndiyo maana mimi natetea bustani za mchanganyiko huo kando ya barabara, zinywe maji ya mvua.

Jongoo: Unaandika kana kwamba nimedanganya. Nimesema walikufa, na walikufa.

Darubini: Sijasema umedanganya, ndugu yangu. Nimesema tukikosea muuaji tutanunua chujio lisilo lake.

Fagio: Nimesoma toka juu. Kuzibua mitaro ndiyo kazi yangu, na hakuna aliyetaja anayeingia humo. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ndiyo mbaya kuliko zote: inaleta tope jeusi linalong'aa. Lisuuze kwenye beseni jeupe, chini zitabaki punje nyeusi. Ibonyeze moja kwa ukucha, inabonyea halafu inarudi. Mchanga haurudi. Sasa wekeni chujio lenye matundu madogo pale, majani na tope vinaliziba, barabara inafurika, na simu zote zinakuja kwetu. Bustani hizo nazo zinajaa tope juu, lazima mtu akalikwangue. Bajeti ya kujenga huwa inapatikana. Ya kuzibua ndiyo hatuioni.

Zawadi K: Kaka Fagio, hongera kwa kazi. Tope mkishalitoa linakwenda wapi?

Fagio: Tunalirundika ukingoni likauke, lori lije kulibeba. Mara nyingine mvua inatangulia.

Roda Tatu: Yaani linarudi mtaroni?

Fagio: Lilelile.