Tuonesheni bei na ripoti za washauri waelekezi mnaowalipa kwa kodi zetu

Ndugu wanajukwaa,

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sitajaribu kuificha. Taasisi ya umma ikijenga barabara mbovu, mwananchi huyaona mashimo kwa macho yake na hupiga kelele. Taasisi hiyo hiyo ikimlipa mshauri mwelekezi, yaani mtaalamu wa nje anayekodiwa, mamilioni ya shilingi ili aandike ripoti mbovu, hakuna anayejua, kwa kuwa ripoti hufungiwa kabatini na ukiiulizia unaambiwa kuwa ni nyaraka ya ndani. Ya ndani ya nani, ilhali tumeilipia sisi?

Niliwahi kufanya kazi katika kitengo cha mipango cha taasisi moja ambayo sitaitaja. Tulikuwa na wachumi na watakwimu walioajiriwa kwa kazi hiyo hasa, na rasimu ya mpango mkakati tulikuwa tumeshaikamilisha. Menejimenti ikaona haina uzito, ikatangaza zabuni, ikapatikana kampuni. Wakaja vijana wawili nadhifu wenye kompyuta mpakato, wakaomba takwimu zote tulizonazo, tukawapa kwenye flashi. Ikafuata taarifa ya awali, kisha warsha ya wadau mjini Morogoro pamoja na posho zake, na mwishowe ripoti yenyewe, imejalidiwa na kung'arishwa. Katika sura ya nne nikalikuta jedwali letu lote kama lilivyokuwa, likiwa bado na maneno ambayo mwenzangu aliyaandika chini yake: "Takwimu za robo ya nne zinasubiriwa." Takwimu hizo zilikuwa zimeshatoka zamani, lakini wala aliyeandika ripoti wala aliyeidhinisha malipo hakusoma hadi hapo. Kurasa chache mbele, jina la taasisi nyingine kabisa lilikuwa limesahaulika katikati ya aya.

Uzembe huo unaudhi, ila kuna jambo baya zaidi. Kwa niliyoyaona, mara nyingi kiongozi hamtafuti mshauri ili amfundishe asichokijua, bali ili apate wa kumsingizia. Anataka kuvunja idara, kupandisha tozo au kupunguza watumishi, na anaogopa lawama. Basi hadidu za rejea, yaani maelekezo ya kazi anayopewa mshauri, zinaandikwa kwa namna ambayo jibu limeshajulikana kabla swali halijaulizwa, na mambo yakiharibika anasema alifuata ushauri wa wataalamu. Wataalamu nao watakuwa wameshalipwa na kuondoka.

Anayedhani natia chumvi aitazame Afrika Kusini. Mamlaka ya mapato ya nchi hiyo, SARS, ilikuwa miongoni mwa taasisi zilizosifiwa sana barani. Tume ya Jaji Robert Nugent, iliyowasilisha ripoti yake mwaka 2018, ilieleza jinsi kampuni ya ushauri ya Bain ilivyokuwa ikikutana na Tom Moyane kabla hata hajateuliwa kuwa kamishna, na jinsi mpango wa kuupanga upya muundo wa mamlaka, uliogharimu takriban randi milioni 164, ulivyovisambaratisha vitengo vilivyokuwa vikifanya kazi vizuri, kikiwemo kile kilichoshughulikia walipa kodi wakubwa. Yaani walipa kodi waligharamia kubomolewa kwa chombo kinachokusanya kodi zao! Katika shirika la umeme la nchi hiyo hiyo, Eskom, kampuni ya ushauri ya McKinsey na mshirika wake Trillian walilipwa takriban randi bilioni 1.6, McKinsey ilirudisha fedha ilizopata, na Desemba 2024 kampuni yake ya Afrika ikakubali kulipa zaidi ya dola milioni 122 kumaliza kesi ya rushwa iliyohusu Eskom na shirika la uchukuzi la Transnet. Hayo yalijulikana kwa sababu kuna watu walithubutu kusema na kuna tume zilizokuwa na mamlaka ya kudai nyaraka.

Nchi tajiri nazo hazikusalimika, ila zimekubali kuhesabu. Seneti ya Ufaransa ilitoa ripoti Machi 2022 iliyoonesha kwamba matumizi ya serikali kwa kampuni za ushauri yalivuka yuro bilioni moja mwaka 2021. Australia ilifanya ukaguzi na kukuta kwamba katika mwaka wa fedha 2021/22 serikali ya shirikisho ilitumia takriban dola bilioni 20.8 za nchi hiyo kwa wafanyakazi wa nje, wakiwemo washauri na wakandarasi, nguvu kazi iliyolingana na watumishi karibu 54,000. Jumla ya kwetu ni ipi? Nani ameijumlisha?

Sisi tuna historia yetu. Ubinafsishaji wa huduma ya maji Dar es Salaam uliambatana na washauri wa kampuni ya Adam Smith International, waliolipwa kwa fedha za misaada ya Uingereza, na hata wimbo wa kuusifu ubinafsishaji ulirekodiwa. Kampuni binafsi ya City Water, iliyopewa huduma hiyo, ilianza kazi mwaka 2003, na mwaka 2005 serikali ikavunja mkataba. Kesi za usuluhishi zilizofuata nje ya nchi tulizibeba sisi, si walioshauri.

Sipingi ushauri wote. Daraja kama la Kigongo–Busisi haliwezi kusanifiwa na afisa mipango, na mashine zisizokuwepo nchini lazima ziletwe na wenye nazo. Ninachokipinga ni kumlipa mtu wa nje kwa kazi iliyomo katika majukumu ya mtumishi mwenye mshahara, na kisha kuificha kazi hiyo.

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 ipo, na inampa mmiliki wa taarifa siku 30 za kujibu maombi. Mfumo wa NeST, ule wa serikali wa manunuzi ya umma kwa mtandao, nao upo. Kwa hiyo kila mkataba wa ushauri unaoingia humo uambatane na hadidu za rejea, bei, maelezo ya kwa nini watumishi waliopo hawawezi kuifanya kazi hiyo, na ripoti ya mwisho ikishapokelewa, isipokuwa sehemu zinazogusa usalama wa taifa. Afisa Masuuli, yaani anayewajibika kwa fedha za taasisi, atakayeshindwa kueleza ni mapendekezo gani yametekelezwa aitwe mbele ya Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) hukabidhi ripoti zake kwa Rais kila mwisho wa Machi. Namwomba katika ripoti ijayo atupe jedwali moja la malipo yote ya ushauri, wizara kwa wizara, fungu kwa fungu.

Mliowahi kupokea ripoti za namna hii maofisini, elezeni hapa bila kutaja majina: ililipiwa kiasi gani, na iko wapi leo?