Mahiwa 1917: Von Lettow alishinda nini hasa?

Mwalimu wa Nyangao (mwanzisha mada)

Habari za jioni wakuu. Mimi nafundisha historia huku bonde la Lukuledi, na nimechoka kusikia watu wakimsifia Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani huku kwetu katika Vita Kuu ya Kwanza, utadhani ni mshambuliaji aliyefunga mabao matatu ugenini. Hoja yangu ni hii: hakushinda vita ya Mahiwa. Na kama siku moja tutajenga mnara wa maana pale, uwe wa wapagazi na wakulima waliomlisha, yeye na maadui zake.

Kwa msiopafahamu, Mahiwa iko karibu na Nyangao, njia ya Lindi kwenda Masasi. Katikati ya Oktoba 1917 Waingereza walikuwa wanapandisha kutoka Lindi na jeshi la karibu watu 5,000, wengi wao askari wa Nigeria na wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari weusi wa Afrika Mashariki). Wajerumani walikuwa kama 1,500, na kwa kusema "Wajerumani" nina maana ya askari weusi chini ya maofisa wa Kijerumani. Jenerali Beves wa upande wa Waingereza akawa anawapeleka watu wake uso kwa uso na bunduki za rashasha, tena na tena. Zilipokwisha zile siku nne, Waingereza walikuwa na zaidi ya watu 2,000 waliouawa au kujeruhiwa. Wajerumani, kama 500.

Washabiki wa Von Lettow huishia hapo. Sasa twende mbele wiki tano tu. Risasi zake nzuri zilikuwa zimeteketea Mahiwa. Sehemu ya askari wake walibaki na zile bunduki za mtindo wa 1871, ambazo ukipiga moja moshi unamwonyesha adui ulipo. Wale 500 kwake walikuwa karibu theluthi ya jeshi lililopigana, na hakuwa na pa kuwapata wengine. Kufika Novemba, huko Chiwata na Nambindinga, akawaacha mamia ya wagonjwa na majeruhi wajisalimishe, akachagua kama 2,000 wenye nguvu, na tarehe 25 akavuka Ruvuma kuwavamia Wareno pale Ngomano, upande wa Msumbiji, ili apate risasi, dawa na chakula. Mshindi gani anahama nchi kwa sababu stoo imekauka?

Kuhusu wapagazi, fanyeni hesabu wenyewe. Mbung'o walimaliza punda na ng'ombe, kwa hiyo kila kitu kilikwenda kichwani. Tuseme mtu anabeba kilo 25 za unga na anakula kilo moja kwa siku. Kambi iko mwendo wa siku 10. Kwenda kumi, kurudi kumi, kilo 20 zimeishia tumboni mwake. Askari anapata tano. Ndiyo maana Waingereza peke yao waliwakusanya wapagazi wanaokaribia milioni moja katika vita nzima, na zaidi ya 90,000 wakafa, wengi kwa kuhara, malaria, nimonia na njaa. Wajerumani hawakuacha hata orodha.

Mstaafu wa Nachingwea

Mwalimu, umeandika vizuri lakini unapima kwa kipimo cha raia. Jeshini tunauliza: kamanda alikuwa na lengo gani, na alilifikia? Lengo la yule bwana halikuwa kuilinda Lindi wala Masasi. Alijua koloni haliokoki. Alitaka Waingereza waendelee kumwaga watu, meli na fedha huku badala ya kuzipeleka Ufaransa. Alijisalimisha Abercorn, ndiyo Mbala ya leo, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya wakubwa zake Ulaya kusalimu amri. Kwa kipimo hicho alishinda, tupende tusipende.

Na kuwaacha wagonjwa si aibu. Ungekuwa na kikosi kinachowindwa ungefanya hivyo hivyo.

Mwalimu wa Nyangao

Shikamoo mzee. Kwenye meli nakubaliana nawe, zilihitajika kweli mahali pengine. Kwenye watu sikubali. Tangu mwishoni mwa 1916 wazungu wengi wa Afrika Kusini walisharudishwa kwao, hoi kwa homa. Waliobaki kumkimbiza walikuwa KAR, Wanigeria, watu wa Gold Coast (Ghana ya leo) na Wahindi. KAR ilipanuliwa ikapita askari 30,000 kwa ajili ya vita hii hii. Hao hawakuwa na safari ya Ufaransa. Kwa hiyo alichofanikiwa kukizuia, kwa sehemu kubwa, ni Waafrika wasirudi mashambani kwao.

Rubani wa Mikindani

Wakuu, kwa heshima zote, mnahesabu unga wakati dunia inahesabu droni. Mwaka 2020 Azerbaijan na Armenia walipigana siku 44 tu, na vifaru vilikuwa vinachomwa kutoka angani vikiwa vimefichwa kwenye mahandaki. Ukraine leo kidroni cha bei ya pikipiki kinamaliza kifaru cha mamilioni ya dola. Mahiwa ni makumbusho. Somo la vita za sasa kwetu kusini ni kuweka droni kutoka mdomo wa Ruvuma hadi Newala, basi.

Mwalimu wa Nyangao

Mdogo wangu, msaada wa kutoka angani uliahidiwa huku kabla babu yako hajazaliwa. Novemba hiyo hiyo ya 1917 Wajerumani walirusha meli ya anga, L59, kutoka Bulgaria ikiwa na tani karibu 15 za risasi, dawa na vifaa vingine, ije itue uwanda wa Makonde. Ilifika Sudan, ikaitwa irudi. Yule waliyemtumia alikuwa anasogea kuelekea Ruvuma kwa miguu.

Na huko Ukraine, unaukumbuka msafara wa Warusi wa Februari na Machi 2022 uliokuwa unaelekea Kyiv, zaidi ya kilomita 60 za magari barabarani? Walikuwa na ndege na makombora. Wakakosa mafuta na chakula, wakawa wanashambuliwa huku wamekwama.

Rubani wa Mikindani

Hapo umenisaidia, mwalimu. Huko huko Ukraine siku hizi maji, betri na chakula vinapelekwa mstari wa mbele kwa droni, maana lori likisogea linaonekana na kupigwa. Nyingine za angani, nyingine za magurudumu. Mpagazi wako amepata mbadala asiyekula kilo moja kwa siku. Hesabu yako ya ishirini na tano imekufa.

Binti Tandahimba

Haili unga, inakula umeme. Na umeme wa huku mnaujua.

Ila mimi nina jambo na mwalimu. Unawazungumzia wapagazi kana kwamba wote walikuwa wa kusukumwa tu. Hao wa 1917 ndiyo, wengi walikamatwa vijijini, sibishi. Lakini nenda mbele miaka hamsini, mto ule ule. Frelimo, wapigania uhuru wa Msumbiji, walianza vita dhidi ya Wareno Septemba 1964, na kambi yao kubwa ikawa hapo Nachingwea kwa mzee. Risasi zilivuka Ruvuma zikaingia Cabo Delgado vichwani mwa watu, na wengi walikuwa wanawake. Kikosi chao cha wanawake kilianza kwa kazi hizo. Mreno alikuwa na helikopta. Mwaka 1970 akafanya operesheni yenye askari kama 35,000 akisema anamaliza kazi. Frelimo wakahamishia nguvu Tete, na 1974 wanajeshi wa Ureno wenyewe wakaipindua serikali yao kwa kuchoshwa na vita za makoloni. Wale kina mama walijua wanabeba nini na kwa nini. Mzigo ni ule ule, lakini anayebeba kwa hiari yake hatoroki usiku.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi somo ni lipi, sikutajii droni wala unga. Angalia Oktoba 2020, watu wenye silaha walipovuka kutoka Msumbiji wakaingia Kitaya, wakaua na kuchoma nyumba. Mtu wa kwanza kujua kuna sura ngeni kwenye mtumbwi ni mvuvi. Je, akienda kutoa taarifa anasikilizwa, au anageuzwa mshukiwa? Jibuni hilo kwanza, ndipo tununue vyombo.

Rubani wa Mikindani

Dada, mvuvi haoni usiku. Kamera ya joto inaona.

Binti Tandahimba

Inaona kwamba kuna mtu. Haioni ni mtoto wa nani.

Mstaafu wa Nachingwea

Binti kasema kweli, nami naongeza. Jeshi la Wajerumani lililopigana Mahiwa ndilo jeshi lile lile la kikoloni lililozima Maji Maji, ile iliyoanzia Nandete, Umatumbini, Julai 1905. Hawakuizima kwa bunduki peke yake. Walichoma maghala na mashamba hadi wakafa kwa njaa watu wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Miaka kumi baadaye wakarudi kwenye vijiji vile vile kuomba mtama kwa mtutu. Kwa hiyo mwalimu, hoja yako ya wakulima naipokea zaidi ya ile ya wapagazi.

Lakini sibadili msimamo kuhusu mapigano yenyewe. Kijana anayesomea uofisa asome Mahiwa. Asome jinsi mtu mwenye wachache anavyochagua ardhi, anavyochimba, anavyohamisha watu kutoka Lukuledi usiku na mchana na kufika kabla mwenzake hajajua. Na amsome Beves hata zaidi, kwa sababu maofisa wa aina ya Beves bado wako: njia ya kwanza imeshindikana, wanarudia ile ile kwa watu wengi zaidi. Ukijenga mnara, Wanigeria aliowamaliza wawe na upande wao.

Mwalimu wa Nyangao

Upande wa Wanigeria nakubali, mzee, tena uwe unaotazama barabara. Jina la Von Lettow silitaki hata kwenye kibao cha maelezo.

Mstaafu wa Nachingwea

Basi utaeleza vipi nani aliyeula mtama? Liandike. Na wewe rubani, betri za Kitaya utazichaji wapi, bado hujamjibu binti.