Riwaya nimemaliza, pesa ya kuprinti iko, naanza na nini? (Kisumu)

nyar_seme
Habarini wadau. Nimeandika riwaya miaka mitatu, usiku watoto wakishalala, na wiki jana nikaimaliza, kurasa 180 za A4 kwa laptopu. Ni ya mama mchuuzi wa omena pale Dunga. Wachapishaji wawili nimewatumia, mmoja kimya, mwingine akasema wanachukua vya shule tu. Nimeamua nitoe mwenyewe. Niko na elfu 60 ya chama, na kuna mtu wa kuprinti hapa tao ananiambia nikichukua kopi 500 bei inashuka sana ila nilipe wiki hii. ISBN nayo, ile namba ya kutambulisha kitabu, sijui inatoka wapi. Nisaidieni jameni.

mwalimu_bungoma
Dada hongera kwanza, kumaliza si mchezo. Lakini hiyo pesa usitoe, tafadhali. Mimi nilikimbilia hizo hizo 500 juu ya bei, nikabeba maboksi kwa matatu mpaka nyumbani, kufungua cha kwanza naona maneno ya upande wa ndani yameingia kwa gundi, yaani msomaji lazima avunje mgongo wa kitabu ndio aone mwisho wa mstari, na akivunja karatasi zinachomoka. Iliniuma sana. Itisha kopi moja ya kuangalia, hata kama ni ghali. Kaa nayo siku tatu, ifungue uifunge, mpe mtoto aishike vile watoto hushika. Ikivumilia, chukua 50 ama 100, ukiuza unarudi.

mhariri_nakuru
Mwalimu amesema ukweli, na mimi naongeza: kabla ya printa tafuta mhariri. Macho yako yameizoea hiyo hadithi, yanasoma chenye ulitaka kuandika. Kama pesa ni elfu 60, afadhali uprinti chache na umlipe mtu aisome mstari kwa mstari. Halafu ipangwe kwa saizi ya kitabu. A5 ni nusu ya A4, kwa hivyo hizo 180 zitaongezeka sana, na printa anahesabu kurasa, sasa hiyo bei amekupa ameitoa wapi kama kitabu hakijapangwa?

ISBN unaomba KNLS, wale wa maktaba ya taifa, hata mwandishi anayejichapishia anapewa. Ni tarakimu 13, na ukitoa ya kusoma kwa simu baadaye hiyo inataka namba yake. Hakimiliki ni yako tangu ulipoandika, kusajili KECOBO, ile bodi ya hakimiliki ya Kenya, ni ushahidi tu siku mtu akikuibia, lakini sajili.

nyar_seme
Asanteni sana, mmeniokoa. Nimempigia yule wa kuprinti sasa hivi nikamwambia nataka kopi moja kwanza, akasema hafanyi moja. Basi natafuta mwingine. Mhariri, wewe unasoma riwaya za watu? Nikutumie sura ya kwanza?

mhariri_nakuru
Tuma dada. Kurasa kumi za kwanza nakusomea bure, tuone kazi iko kiasi gani ndio tuongee bei.