Nimeombwa nijitolee kwenye elimu ya mpiga kura hapa Mombasa. Mimi Mtanzania, naruhusiwa?

Kutoka: Mwanaidi, Kisauni

Habari zenu wanajumuiya, na shikamooni wakubwa.

Jirani yangu hapa Mlaleo yumo kwenye kikundi cha mtaa kinachotoa elimu ya mpiga kura. Si cha chama chochote wala si cha mheshimiwa, nimewachunguza. Wanaonana na akina mama kwenye vikao vyao vya mchezo wa fedha, wanaenda vijiweni kwa bodaboda, wanaeleza usajili na zile karatasi sita za kura. Wameniona nikisomesha wanawake wa mtaa kusoma na kuandika jioni, wakajua nilikuwa mwalimu kule Tanga, basi wamening'ang'ania nijiunge.

Mume wangu ni Mkenya, nami ninacho kibali cha kukaa kwa ajili yake. Nataka kujua: Uhamiaji hawatanisumbua? Wakwe wasije wakasema nimeingia siasa za watu? Na hiyo posho inayotajwatajwa, nipokee au nisipokee? Waliowahi kufanya kazi hii naomba mniambie.

Kutoka: Mzee Kombo, Majengo

Marahaba mwanangu. Ushauri wangu ni mfupi: kura si yako, iache. Mimi nilikuwa Likoni mwaka 1997. Usiku wa Agosti 13 kituo cha polisi kilivamiwa, na siku zilizofuata watu wa bara waliuawa na maelfu wakafukuzwa majumbani mwao, na uchaguzi ulikuwa Desemba. Wale waliofukuzwa walikuwa raia, vitambulisho mfukoni. Wewe hata hicho kitambulisho huna. Somesha watoto, uza vitumbua, wenye nchi yao waelimishane wenyewe.

Kutoka: Mama Salma, Bamburi

Mwanaidi, salama. Mzee Kombo hana kosa kuogopa na sitamcheka, maana waliokuwa Likoni mwaka ule hawahitaji kusimuliwa. Ila mimi yale ndiyo yaliyoniingiza. Mtu anayejua kura yake ni siri, na kwamba matokeo hutangazwa na kubandikwa kituoni pale pale, ni vigumu kumtuma akamchomee jirani nyumba kwa kuambiwa tu kwamba ameibiwa.

Anza na karatasi zako. Kutolipwa si kinga. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 haiangalii mshahara peke yake, na mgeni anayefanya shughuli ya kazi bila idhini anaweza kusumbuliwa hata kama hajapokea senti. Kibali ulichonacho ni cha kukaa na mumeo. Kwa hiyo waambie kikundi wakuandikie barua: wewe nani, utafanya nini, siku zipi, na kwamba hulipwi. Nenda nayo Uhamiaji pamoja na pasipoti, uulize kabla hujaning'iniza beji yao shingoni. Wakikwambia uombe pasi maalum, omba. Najua foleni inachosha, lakini kuulizwa maswali hayo barabarani kunachosha zaidi.

Na hiyo barua itakufungulia macho kuhusu kikundi chenyewe. Kikundi kisicho na usajili hakiwezi kuandika barua yenye uzito. Waombe wakuonyeshe cheti. Kama ni shirika la manufaa ya umma, sheria iliyoanza kutumika Mei 14, 2024 inalikataza kumpigia debe mgombea au chama. Mwenyekiti akianza kuzungukazunguka ukimwuliza fedha za uchapishaji zinatoka kwa nani, chukua mkoba wako urudi nyumbani.

Sasa mpaka wako. Katiba yao ya 2010, ibara ya 36 na 37, inampa kila mtu uhuru wa kujiunga na wenzake na kukutana kwa amani. Ibara ya 38, yaani kujiandikisha, kupiga kura, kugombea, kuunda chama, ni ya raia. Basi wewe eleza, usiandikishe. Usimjazie mtu fomu, usikae meza ya karani, usikubali kuwa wakala wa mgombea hata kwa kumwokoa mtu siku moja. Siku ya kura kaa nyumbani upike.

Kazi yenyewe haifanani na ile watu wanayoidhania. Ukishaeleza zile rangi (nyeupe ya Rais, bluu ya gavana, na nyingine hadi ya mwakilishi wa wadi) umemaliza sehemu rahisi. Kinachokula muda ni maswali ya mlangoni. "Nilijiandikisha Likoni kwa wazazi, sasa nimepanga Kisauni, nitapigia wapi?" Huyo ahamishe kura yake mapema, la sivyo siku hiyo atavuka na feri au ataacha, na wengi huacha. "Nimehamia Mtwapa." Mtwapa ni Kilifi, kwa hiyo asipohama kwenye daftari bado anahesabiwa kumchagua gavana wa Mombasa. "Kadi yangu ya kura imepotea." Hakuna kadi, unapiga kwa hati ile ile uliyojiandikishia, na aliyejiandikisha kwa pasipoti aje na pasipoti. "Nikifika saa kumi na moja jioni?" Ukiwa umeshaingia foleni saa hiyo, utapiga. Usajili wa kuendelea ulianza tena Septemba 2025 baada ya Tume ya uchaguzi kukaa muda mrefu bila makamishna, kwa hiyo kuna vijana chungu nzima waliotimiza miaka 18 katikati ya hapo. Hao ndio wa kwanza kutafutwa kabla ya uchaguzi mkuu wa Agosti 10, 2027.

Halafu kuna wale waliokata tamaa, na hapa Mombasa ni wengi. Mwaka 2022 kaunti ilikuwa na wapiga kura zaidi ya 640,000 kwenye daftari, na waliojitokeza Agosti 9 hawakufika nusu. Ongeza na lile la karatasi za gavana: za Mombasa na Kakamega zilikutwa na taarifa za wagombea zisizo sahihi, uchaguzi wa gavana ukaahirishwa, ukafanyika Agosti 29. Mpaka leo ukigonga mlango utaambiwa, "Tulikwenda, wakatuambia ya gavana mrudi siku nyingine." Usiitetee Tume wala usiiponde. Eleza kilichotokea, nyamaza, msikilize. Mtu akishamaliza kulalamika ndipo anapouliza la maana.

Kuna maskani moja ya wazee huku kwetu, kila nikipita lazima mmoja aseme "mkono mtupu haulambwi", na wote wanacheka wakinitazama mikono. Mimi nawajibu kwamba sheria ya makosa ya uchaguzi ya mwaka 2016 inamshika anayetoa na anayepokea. Wanazidi kucheka. Lakini siku hizi wananiwekea kiti.

Kuhusu lafudhi yako: watakujua kabla hujamaliza salamu. Wewe sema mapema, "Mimi ni wa Tanga, kura hapa sina." Utashangaa watu wanavyolegea. Hapa kila anayegonga mlango akiwa na karatasi mkononi anadhaniwa katumwa na mgombea, na swali la kwanza ni "watoka kwa nani?" Wewe huna wa kumpigia. Hiyo ndiyo faida yako ambayo jirani yako mwenye kitambulisho hana. Bila shaka atatokea wa kusema, "Mtanzania atufunze sisi?" Usibishane naye, mwachie mwenzako Mkenya aendelee. Ndiyo maana tunatembea wawili wawili, na ni vizuri mmoja awe mzaliwa wa mtaa huo.

Posho: nauli na chakula cha mchana, na usaini. Bahasha ya "chai" kutoka kwa mheshimiwa usiishike hata kama kikundi kizima kinashika. Ukienda Likoni, nauli ni ya matatu tu, maana feri kwa anayetembea kwa miguu ni bure. Tuliwahi kuwa na mtu akidai nauli ya feri kila wiki.

Kutoka: Athumani, Likoni

Mimi ni Mkenya, nimo humu kwa ajili ya mke wangu ambaye ni wa Muheza. Aliyoyasema Mama Salma ni kweli. Naongeza moja tu, na mie naliona kubwa.

Usimuulize mtu mbele za watu, "We si wa kwetu Tanzania?" hata kama amekuita kwa Kitanga safi au Kipemba kabisa. Huku Pwani kuna Wamakonde ambao ni Wakenya, waliotembea kutoka Kwale hadi Nairobi Oktoba 2016 kudai vitambulisho, na mwaka uliofuata wakatambuliwa. Kuna Wapemba nao, ambao serikali iliwatambua mwaka 2023. Watu hawa wameishi vizazi hapa wakiambiwa ni wageni. Wewe unamchangamkia kwa mapenzi, lakini kuna jirani amesikia, na kesho yule mtu anafuatilia kitambulisho cha mwanawe na kuna anayesema kwa chifu, "hao si wa huku, hata Mtanzania mwenzao alimjua." Ukikutana na mtu asiye na kitambulisho, muelekeze kwa ofisi ya usajili wa watu au kwa Huduma Centre, na umwachie mwenzako amfuatilie.

Na mke wangu anakusalimu. Yeye alikataa kujiunga na kikundi, anasema kwenye nyumba yetu mpiga debe mmoja anatosha. Nami hata si mpiga debe.

Kutoka: Rehema, Nyali

Mwanaidi, kwa kuwa umeolewa, usije ukashawishika kwamba njia rahisi ni kuchukua uraia ili "ufanye kazi kwa uhuru". Ni kweli Katiba ya Kenya inamruhusu mtu aliyekaa kwenye ndoa na raia angalau miaka saba kuomba kusajiliwa. Lakini sheria yetu ya Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Ukichukua wa huku, wa nyumbani umeupoteza, na mambo ya ardhi ya urithi kule Tanga unayajua mwenyewe. Nimeona dada mmoja anajuta. Ukitaka, fanya kwa sababu za maisha yako, si kwa ajili ya kikundi.

Kinachoniuma mimi ni kwamba Mkenya aliyeko Dar anapiga kura ya Rais wake tangu 2013, na sisi tulioko hapa uchaguzi wa nyumbani tunautazama kwenye simu. Hilo ni la siku nyingine.

Kutoka: Mwanaidi, Kisauni

Asanteni sana, Mungu awalipe. Mzee Kombo, nimekusikia na nimemwonyesha mume wangu ujumbe wako. Akakaa kimya muda, kisha akasema wajomba zake nao walihama Likoni mwaka ule. Hakuwahi kuniambia. Hajanikataza, amesema nisiwe natembea jioni.

Mama Salma, maswali mawili ya kijinga. Je, naweza kuweka kwenye status ya WhatsApp bango la mgombea ambaye ni shangazi wa mume wangu? Na leso zangu nyingi ni za rangi ya machungwa.

Kutoka: Mama Salma, Bamburi

Si ya kijinga hata kidogo. Bango usiweke, hata la shangazi, hata la mkutano wa dua aliouandaa. Mwambie shangazi mwenyewe mapema kwamba unajitolea mahali ambapo kumpigia mtu debe hakuruhusiwi, akuelewe kabla hajakasirika. Leso ya machungwa na gauni la manjano viache kabatini mwaka wa kampeni, mtu asije akasema umevaa chama. Sisi tunavaa fulana nyeupe za kikundi, zisizo na sura ya mtu.

Lakini nakushauri usianzie kwenye kura. Anzia kwenye bajeti ya kaunti. Kila mwaka makadirio yanafikishwa bungeni pale kaunti kabla ya Aprili kwisha, na Katiba, ibara ya 196, inalitaka bunge hilo kushirikisha umma. Mikutano huitishwa, tangazo hutoka kwa Kiingereza gazetini, na wakaao Mlaleo hawaoni tangazo wala gazeti. Wanaokuja ni wale wale wenye suti. Wewe ni mwalimu. Kaa na kina mama wako wa jioni, wasomee kwa Kiswahili ukurasa wa maji na ukurasa wa zahanati ya wadi yao, waone kilichoandikwa mwaka jana na kilichojengwa. Wataenda mkutanoni wenyewe na maswali yao, na hutahitaji hata kusimama mbele.

Jumamosi asubuhi tunafundisha wapya, Bamburi, nitakutumia mahali. Kabla ya hapo nenda Uhamiaji na ile barua, uniambie wamekujibu nini. Wakikwambia usubiri, basi Jumamosi njoo ukae usikilize tu, bila beji.